Mtama wa Lusu na Jicho la Mama Kabula

Niliusikia wimbo kabla sijaiona wodi: sauti nzito ya mwanamke, yenye kicheko ndani yake, ikivuma koridoni mwa hospitali. Nilikuwa nimeshuka Tabora asubuhi ile, baada ya safari ndefu ya treni kutoka Dar es Salaam. Wizara ya Afya ilinituma na swali moja: kwa nini kila mwaka, wakati wa mavuno, wanaolazwa kwa kuumia macho huongezeka nchi nzima?

Mwimbaji alikuwa Mama Kabula, mkulima wa Lusu, Nzega. Macho yake yote yalifungwa bandeji. La kulia liliingiwa na kapi la mtama, likafanya kidonda; la kushoto lilifungwa ili yote mawili yatulie. Bandeji ingefunguliwa Ijumaa, na daktari hakuahidi kitu.

"Shikamoo, mama. Kapi tu limefanya yote haya?"

"Marahaba, mwanangu. Nenda ukatuone tunavyopura, ndipo uandike."

Jumatano nilidandia lori lililokwenda kuchukua pamba. Tulifuata njia waliyoikanyaga wapagazi wa misafara ya zamani, tukiimba, nywele zetu nyekundu kwa vumbi.

Lusu niliwakuta wakipura mtama wa shamba la kijiji. Walisimama safu mbili zinazotazamana, fimbo zikipanda na kushuka pamoja, safu hii ikiizomea ile. Makapi yalimeta juani kama mvua ya dhahabu.

"Safu ikitokwa na mtu kabla ya jua kuzama, imeshindwa," alinieleza Mzee Masanja, kiongozi wa upande mmoja.

"Na Mama Kabula?"

"Yeye anaongoza wale wenzetu. Kapi lilimwingia saa nne. Hakutoka." Akaitazama fimbo yake. "Angetoka, ningemcheka mwaka mzima. Mwambie siku hizi mtu akisema jicho, safu zote zinaweka fimbo chini, anaoshwa kwanza. Mwambie pia safu yake bila yeye inapura kama watu wanaofukuza inzi."

Ijumaa nilirudi Tabora. Muuguzi alifungua bandeji taratibu. Mama Kabula akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Naona dirisha," alisema mwishowe. "Naona na mtu mwembamba ameshika kalamu. Ndiwe? Kwa sauti yako nilidhani una kitambi."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nikampa salamu za Masanja.

"Inzi? Masanja amesema inzi?"

Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani, Mama Kabula alikuwa ameshajifunga kanga. Nami nikaandika: vitabu vya hospitali vinataja kapi, havitaji aibu ya kutoka safuni. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshatoka, na muuguzi akaufunga mlango nyuma yake.