Kitabu Kilichofungiwa Sandukuni

Uvumilivu wangu uliisha pale mwalimu wa darasa la kwanza aliponipa karatasi ya intavyuu ya binti yangu, wino mwekundu: "Hajui kushika kitabu. Arudie nasari."

Nilikuwa nimesimama dirishani na niliona kila kitu. Mwalimu aliweka mezani kitabu cha picha na nyimbo za watoto, akasema, "Tafuta ukurasa wa kuku mwenye mwavuli, halafu utuimbie." Binti yangu, miaka sita, akapeleka mikono mgongoni. Akaambiwa tena. Hakusogea. Mara ya tatu akauimba wimbo wote wa kuku, bila kukosea hata neno, akilitazama jalada. Kitabu chenyewe hakukigusa.

Niliingia na karatasi ile mkononi. Hodi sikupiga.

"Mwalimu, umemsikia akiimba ama hukumsikia?"

"Nimemsikia, mama. Lakini hata kasuku anaimba. Tunataka mtoto anayeweza kufungua kitabu."

"Atafungua nini na vitabu mmevifungia?"

Ilikuwa hivi. Hapo kwetu Matuu, nasari na shule ya msingi zilikaa uwanja mmoja. Januari kila mzazi aliagizwa kuleta kitabu cha picha na nyimbo, kimevalishwa karatasi ya kaki na juu yake nailoni. Mimi changu nilikifuata hadi Thika. Usiku wa kuamkia siku ya kukipeleka tulikifungua kitandani, mimi na yeye. Kuku alivaa viatu vya mvua vyekundu. Binti yangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akataka kulala nacho. Nikamwambia, "Utakisoma shuleni." Ujinga huo ni wangu.

Shuleni vitabu vyote viliingia sanduku la bati, kufuli juu. Kila Ijumaa mwalimu wa nasari, mama mtu mzima, alitoa kimoja, akakiinua, watoto wakaimba kutoka mbali. Kwanza amri: "Mikono mgongoni!" Aliyenyoosha kidole kugusa picha alisimama kona mpaka kengele. Wageni wakija, kila mtoto alipewa chake akikumbatie kikiwa kimefungwa, kisha vikarudi sandukuni. Wangu alisimama kona mara mbili. Mara ya pili hata mimi nilimgombeza: "Wewe, wacha kugusa vitu vya mwalimu!" Vya mwalimu. Kitabu nilichonunua mimi!

Nikatoka intavyuu nikaenda moja kwa moja kwa huyo mama wa nasari.

"Aiya! Usinipigie kelele," akasema. "Wewe ni kama mtoto wangu. Vikichanika, wageni nitawaonyesha nini?"

"Kwani tuliwanunulia wageni?"

"Ona mdomo. Ndiyo maana mtoto wako ni mkaidi."

"Angekuwa mkaidi, mwalimu, angekishika."

 Alichukua dasta akaanza kufuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

Nyumbani sikukaa. Nilifagia uwanja mara mbili, nikaunguza maharagwe, nikamwaga, nikainjika mengine. Mama mkwe wangu akasema, "Tulia. Mwaka mmoja ni nini?" Mwaka mmoja! Wenzake wote wanavuka, yeye abaki na watoto wa kufunguliwa vifungo, kwa sababu alitii. Jioni binti yangu akaniuliza, "Mama, ningeshika ningepigwa?" 

Kesho yake nikawa mlangoni mwa ofisi ya elimu kabla haijafunguliwa. Karani akanisikiliza nusu, akasema malalamiko ya mdomo hayapokelewi. Nikaenda dukani nikanunua karatasi ya fulskepu, nikarudi, nikaandika nikiwa nimesimama pale kwenye kaunta yake. Akaigonga muhuri. Nakala bado ninayo:

"Kwa Afisa wa Elimu. Mimi ni mzazi. Ninashtaki nasari kwa kuwakataza watoto kugusa vitabu walivyonunuliwa na wazazi wao, na darasa la kwanza, uwanja huo huo, kwa kuwaangusha kwa kutovigusa. Mwalimu mmoja anafundisha kosa, mwingine analiadhibu. Mtoto wangu si mjinga, na asiandikwe hivyo kwa wino wowote. Ninaomba sanduku lifunguliwe, kila mtoto apewe kitabu chake wiki mbili, kisha wote walioanguka waitwe upya kwenye intavyuu, si wangu peke yake. Nimeandika nikiwa na hasira lakini nina akili timamu. Nitakuja kuchukua jibu Jumatatu saa mbili asubuhi."