Kitufe cha Kati

Ofisi niliyofanyia kazi Kitale ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, nami nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Miaka hiyo wengi mjini walikuwa bado wanachora kwa penseli na rula, lakini mkubwa wangu alikuwa ameleta kompyuta yenye programu ya kujenga nyumba nzima kwenye skrini, kuta, milango na paa, ukaigeuza uitazame kutoka upande wowote. Wakulima kutoka Endebess walikuwa wakija kuziona nyumba zao kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kugeuza huko kulitegemea kitufe cha katikati cha kipanya. Ukikibonyeza na kuvuta, nyumba inazunguka. Kisipofanya kazi, unabaki na picha iliyolala bapa kama karatasi.

Mwaka huo kaka yangu mkubwa alianguka kutoka juu ya lori la mahindi kule Lwakhakha, alikokuwa akifanya biashara. Uti wa mgongo uliumia. Alirudi nyumbani kwetu Bungoma akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na yule mtu aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana akawa mtu wa kutikisa kichwa tu. Baba, mwalimu mstaafu, aliamua kumjengea chumba kando ya nyumba kubwa, chenye bafu lake na njia ya zege yenye mteremko, ili kiti kipite bila kubebwa. Akanipigia simu na kunipa vipimo. Nilipomuuliza mlango na njia vielekee wapi, alisema nyuma, upande wa jikoni, kwa sababu huko ardhi haijainama sana. Hilo lilikuwa kweli. Nikachora chumba na boma zima linalokizunguka, nikatuma karatasi.

Kaka aliitazama ile karatasi, akaikunja, akasema hiyo ni mistari tu, yeye haoni nyumba. Fundi akaendelea. Msingi ukachimbwa, mawe yakapangwa, mabomba ya bafu yakalazwa. Ndipo mama akanipigia, sauti yake ikiwa chini kama mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kaka alikuwa ameanza kurudisha sahani bila kuigusa. Alikuwa amesema hataingia chumba ambacho hajakiona, wamwage zege wasimwage. Na zege lingemwagwa Jumamosi. Likishakauka juu ya yale mabomba, hakuna atakayehamisha kitu.

Niliomba kompyuta kwa mkubwa wangu. Alisita, akaizunguka mara kadhaa, kisha akanisaidia mwenyewe kuifunga ndani ya blanketi. Ijumaa jioni nilifika Bungoma nayo ikiwa nzima.

Asubuhi, nilipoifungua sebuleni, ndipo nilipogundua kwamba kipanya kilikuwa kimebaki mezani Kitale.

Fundi na vijana wake walikuwa wameshafika. Nilisikia beleshi likikwaruza kokoto nje ya dirisha. Kaka alikuwa amesogezwa mbele ya skrini, mikono juu ya magoti, amenyolewa ndevu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mama ndiye aliyemnyoa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kaka. Nilimnong'oneza baba tu, nikatoka karibu nikikimbia kwenda mjini.

Nyuma ya msikiti kulikuwa na mwalimu mmoja wa makamo aliyefundisha watu kupiga chapa na kutumia kompyuta. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Nilimweleza haraka haraka, na yeye akanisikiliza bila haraka. Vipanya vyake vingi vilikuwa vya vitufe viwili, havina cha kati. Akafikiria, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kipya chenye gurudumu dogo katikati, pamoja na diski yake.

"Weka hii diski kwanza, ndiyo kompyuta ikijue," akasema. "Na umsalimie huyo ndugu yako. Tulikuwa tunanunua mahindi kwake."

Nilirudi na kuweka diski. Kaka hakuuliza nimetoka wapi. Nyumba ikatokea kwenye skrini, imetazamwa kutoka juu. Nikazungusha lile gurudumu, nyumba ikasogea karibu, ikarudi mbali. Nikashusha pumzi. Kisha nikalibonyeza gurudumu lenyewe na kuvuta.

Nyumba haikugeuka.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Nikachomoa waya na kuurudisha. Nikazima kompyuta na kuiwasha, na ule muda wa kungoja iwake ulikuwa mrefu kuliko safari yote ya kutoka Kitale. Nje simiti ilikuwa imeshachanganywa na mchanga, nikasikia maji yakimwagwa juu yake. Fundi akaja mlangoni, akavua kofia, akamwambia baba kwamba wakishamaliza kukoroga hawatangoja, itashika. Baba akaniangalia.

"Mama," akaniita, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "kama imekataa si uwache tu? Karatasi tunayo."

Nikamwambia bado kidogo. Nikamwonyesha kaka picha zile ambazo programu hutoa bila kugeuzwa: ya mbele, ya ubavuni, ya juu. Alizitazama zote kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Hii ni ile karatasi," akasema. "Umeiwekea taa tu."

Akashika magurudumu ya kiti chake na kuanza kurudi nyuma. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yake, hakusogea. Kiti kikasimama kwenye magoti yake.

Nilifunga programu nikiwa na nia ya kuanza upya kabisa, na katika kupapasa kidole changu kikabonyeza gurudumu juu ya faili la ofisi lililokuwa hapo kwenye skrini. Faili likafunguka.

Nikalifunga. Nikabonyeza gurudumu tena juu yake, mara moja tu. Likafunguka tena. Kwa kawaida lilitaka ubofye mara mbili kwa kitufe cha kushoto. Basi gurudumu lilikuwa zima! Lilibonyezeka, na kompyuta ilisikia, ila iliambiwa jambo lingine. Ile diski ndiyo iliyolipangia gurudumu kazi ya kubofya mara mbili.

Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, mahali pa kipanya. Niliwahi kupaona lakini sikuwahi kupahitaji. Palikuwa na kurasa kadhaa, za kasi, za umbo la mshale, za mtu anayetumia mkono wa kushoto. Nje baba alikuwa akimwambia fundi jambo ambalo sikulisikia, na fundi akajibu, "Sawa mzee, si basi tuanze na hii njia." Nikapata ukurasa wa gurudumu. Kweli, kubonyeza kulikuwa kumepangiwa kubofya mara mbili. Nikafungua machaguo, nikashuka, na karibu na mwisho kabisa nikakuta: kitufe cha kati. Nikachagua, nikakubali, nikafungua programu.

Nyumba ikageuka.

Iliinuka polepole kutoka pale ilipolala, ikaonyesha ukuta, kisha dirisha, kisha mgongo wake. Kaka akaegemea mbele hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Nipeleke barabarani," akasema. "Kutoka kitandani."

Nikaondoa paa. Nikaanzia kitandani, nikapita mlango wa nyuma, nikashuka ile njia, nikapita kando ya jikoni, nyuma ya banda la ng'ombe, nikazunguka nyumba kubwa yote hadi geti. Nilipofika nilielewa kwa mara ya kwanza nilichokuwa nimechora. Mbele, upande wa barabara, palipofaa kuwa na mlango, palikuwa na ukuta wa bafu na dirisha dogo la juu.

Baba alikuwa ameingia na kusimama nyuma yetu. Kaka hakugeuka kumtazama.

"Baba, ni mimi mnanificha?"

Mama aliinamisha macho. Baba alisema habari ya mwinamo, kwamba mbele ni mkali, kwamba fundi alipima. Katikati ya sentensi akavua miwani, akaishika tu.

"Watu wa kanisa huja kila Jumapili," akasema baadaye. "Wanakuangalia vile. Sikutaka wakuangalie vile."

"Wacha waniangalie," kaka akasema. "Wakizoea wataacha."

Baba alitoka. Tulimsikia akimwambia fundi asimame, na fundi akilalamika, ati hilo zege lote atalipeleka wapi. Hatimaye walilimwaga kwenye banda la ng'ombe, ambalo tangu nikiwa mdogo lilikuwa tope tupu. Mabomba yakafukuliwa wiki iliyofuata na bafu likahamia nyuma.

Nilichora upya palepale, kaka akiwa kando yangu, akiniambia mlango uende huku, upana uongezwe kidogo. Kwa sababu ya mwinamo ilibidi njia ikunjwe mara moja kabla ya kufika geti. Mchana ule alikula, na mama akamwongezea ugali.

Njia yenyewe haikutoka nzuri kama kwenye skrini. Fundi aliiacha na nundu pale kwenye kona, na kaka aliilaani kila alipoipita. Siku ya kwanza alikataa kusukumwa. Alishuka peke yake, akakwama kwenye nundu, akajinasua, akafika geti akiwa amelowa jasho. Watu walikuwa wanaelekea sokoni, na baadhi yao kweli walimwangalia vile. Baba alitoka taratibu na gazeti lake, akasimama kando ya kiti, akaanza kuwasalimu mmoja mmoja.