Suruali ya Turubai

Hakuna kitu kilichomtia Mama Sindano hasira kama magoti ya mumewe. Yeye alikuwa mshonaji, cherehani yake iko dirishani. Mume alikuwa fundi vigae, mtu wa kupiga magoti kutwa kucha. Suruali haikumaliza mwezi kabla magoti hayajachungulia nje.

"Baba watoto, hizi suruali unazivaa au unazitafuna?"

"Ni kazi, mke wangu."

Kiraka juu ya kiraka, mpaka siku moja uzalendo ukamshinda. Akachukua turubai kuukuu la lori, akavunja sindano tatu, akamshonea suruali iliyosimama yenyewe kando ya kabati kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Fundi akaivaa shingo upande. Kila hatua, kwaru, kwaru. Majirani walijua anakuja kabla hajakata kona. Miezi sita ikapita, haikufumuka hata uzi. Mama Sindano akatamba mtaa mzima: "Hiyo atazikwa nayo!"

Kisha fundi akaitwa kwa daktari wa meno kuweka vigae vyeusi vinavyong'aa kama kioo. Alipomaliza, daktari akainama.

"Fundi, hii michirizi ni ya nini?"

Fundi akatazama sakafu, akatazama magoti yake. Mchanga ulikuwa umenasa kwenye turubai, na kila alipotambaa alikuwa akivipiga msasa vigae vya watu.

"Suruali imeishinda sakafu," alimwambia mkewe alipofika nyumbani. Mama Sindano akajizuia kucheka, akaona uso ule mrefu, akacheka.

Lakini dhamiri ilimsuta. Kesho yake akafuatana naye kung'oa vigae vilivyoharibika. Saa ya kwanza alitoa maelekezo. Saa ya pili aliomba kitambaa cha kuwekea magoti. Mchana gauni lilikuwa limetoboka, na hakuweza kuinuka mpaka mumewe alipomshika mikono yote miwili.

"Kila siku huwa hivi?" akauliza, akiguna kwa maumivu.

"Mwaka wa kumi na nane huu."

"Na hukuniambia?"

"Wewe uliuliza suruali, mama. Magoti hukuyauliza."

Jioni hiyo hiyo Mama Sindano akakata godoro la zamani, akashona mito miwili ya kufunga magotini kwa mikanda. Huchakaa baada ya wiki tatu, naye hushona mingine bila kunung'unika. Siku hizi anagomba kuhusu soksi.