Siku Kumi na Moja za Mguu wa Mama

Hadi leo nikikumbuka siku zile hasira inanipanda, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimepanga nyumba Kitengela. Mama alikuwa amekuja kutoka kwetu magharibi mwa Kenya kunisaidia kulea mtoto. Asubuhi moja akateleza kwenye simiti iliyomwagikiwa maji ya kufulia. Hata hakuanguka kwa kishindo, alikaa chini tu. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Mguu wa kulia ulionekana mfupi, unyayo umegeukia nje.

Kule hospitali ya Kajiado daktari alituonyesha picha ya eksirei. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika pale kwenye nyonga. "Mifupa ya mama imekonda ndani kwa ndani," akasema. "Hii haitaunga yenyewe. Tumpasue wiki hii, tumwekee kichwa cha mfupa cha chuma. Akilala tu, mapafu na vidonda vitammaliza."

Nilikubali? Wapi! Nilimpigia simu baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, maana kwetu jambo kubwa la mjane haliamuliwi bila shemeji yake.

"Mtu wa miaka sabini apasuliwe, yeye ni ng'ombe?" akafoka. "Mrudishe nyumbani, nakuja."

Nami, mwalimu mzima, nikamrudisha. Ujinga gani huo!

Alifika siku ya nne, akala kuku, akaamua mama akandwe. Akaitwa mama mmoja wa kanisani, akaja na mafuta ya kondoo, akaushika ule mguu, akauvuta. Aliyemshika mama mabega ni mimi. Alipiga yowe majirani wakatoka nje.

"Umeona? Mfupa unarudi," baba mdogo akasema.

Unarudi wapi, jamani? Unarudi wapi!

Siku ya kumi na moja homa ikampanda, na mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka. Nikatafuta gari, nikamrudisha Kajiado bila kumuaga mtu. Baba mdogo akatufuata huko huko, akamwambia daktari kwamba familia haijakubaliana. Daktari alimpita. Aliinama kitandani.

"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilishtuka. Siku zote hizo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Nataka kwenda choo peke yangu," mama akasema. "Huyu mtoto wangu ananipangusa kama nimezaliwa jana. Leteni kalamu nitie sahihi."

Baba mdogo akafungua mdomo.

"Shemeji, nyamaza. Mguu ni wangu."

Akapasuliwa. Kwa sababu ya kuchelewa kwetu mapafu yalimsumbua, nusura tumpoteze. Baba mdogo alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba maombi yake ndiyo yaliyomwokoa. Nilitamani kumrushia kiti.

Wiki ya tano mama alijikokota na fremu yake ya kutembelea mpaka chooni, akafunga mlango, akakomea kwa ndani. Nikasimama nje na taulo mkononi, machozi yananitoka.

"Na utoke hapo mlangoni!" akanifokea.

Nikatoka.