Baraza la Ghorofa ya Tatu

Binamu yangu Mardhiya hajui kushindwa, na ndiyo maana roho ilinikaa juu asubuhi ile nyumbani kwake Edmonton. Lorraine, afisa wa nyumba anayelisimamia jengo lao, alifika na mafundi wawili kuliondoa baraza.

Lenyewe lilikuwa benchi zito la mbao ambalo Mardhiya alilikaza ukutani kwa skrubu, nje ya mlango wake, kwenye ujia wa ghorofa ya tatu. Alilitaka kwa ajili ya mumewe, Muhsin. Tangu apate kiharusi kikampinda mdomo, Muhsin alikuwa hatoki ndani, anaona haya. Mardhiya akirudi kazini, anakotunza wazee wa watu, huketi pale na jirani yake Nurjehan, kahawa mkononi, akipaza sauti makusudi ili mume asikie soga nyuma ya mlango na kuitamani. Miezi ikapita, Muhsin yumo tu.

Lorraine alisema njia ya kukimbia moto haiwekwi kitu. Alisema kweli, nami nilimchukia kwa ukweli wake. Mardhiya akakaa juu ya benchi, akamweleza kwa Kiingereza kwamba baraza si kiti. Wajuzi wa maneno husema asili yake ni Kiarabu, kutokeza mahali pa wazi. Kwetu Unguja ndipo nyumba inapokutana na watu: mgeni hukaribishwa bila ya kuingia ndani, na mwenyeji hutoka.

"Mume wangu bado hajatoka," alisema. "Mkiling'oa, atatokea wapi?"

Lorraine aliinamisha macho, kisha akawaashiria mafundi. Fundi mmoja akamwomba Mardhiya kwa upole ainuke. Akakataa. Lorraine akatoa simu. Nilihofia anaita polisi, na mtunza wazee akiingia mambo ya polisi, kazi hana tena.

Mlango ukafunguka. Muhsin alisimama na fimbo yake mbele ya watu wote, kanzu imekaa upande, mdomo umepinda. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Inuka, Mardhiya. Waachie wafanye kazi yao."

Mardhiya aliinuka huku analia. Mafundi wakafungua skrubu, benchi likateremshwa ngazi. Muhsin hakurudi ndani. Aliegemea ukuta uliobaki na matundu, akamsalimia Nurjehan aliyekuwa akichungulia dirishani, akaomba kahawa yake aletewe pale pale nje.