Mtani wa Mama Rehema

Niliondoka Voi kwa sababu moja tu: kazi yangu ya mkataba ilikuwa imekwisha, na kila niliyekutana naye alitaka kujua nitafanya nini sasa. Nikaona heri nikaulizwe na watu wasionijua. Nikafunga begi la mgongoni, nikavuka mpaka pale Taveta na kuingia Tanzania, nchi ambayo sisi Wakenya huicheka kwa upole wake, nao hutucheka kwa Kiswahili chetu.

Mikumi nilifika jioni, nimechoka na nina njaa mbaya. Kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika, palikuwa na banda la mama ntilie. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, mwepesi wa kucheka. Nikamwambia, "Nipe wali maharage."

Akaacha upawa, akaniangalia.

"Dada, kwenu hakuna salamu?"

"Nina njaa."

"Njaa haikatazi salamu. Na huku hatusemi nipe, tunasema naomba. Haya, karibu, pole na safari. Sasa kaa ule."

Huyo ndiye Rehema. Alipojua kwamba sina pa kulala, alinichukua kwake bila maswali. Alikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, akanipa kitanda, yeye akalala chini kwenye mkeka. Nilipokataa alinigombeza mpaka nikanyamaza. Kwa siku kadhaa nilimmenyea vitunguu na kumbebea maji, naye alinisimulia habari za mama yake, mjane aliyekuwa Kilosa, ambaye hakuwa na mtoto mwingine.

"Nenda kwanza Vidunda ukaone milima," aliniambia. "Ukirudi nafunga banda, twende wote kwa mama. Nimeshamwambia nina mgeni wa Kenya, kila siku ananipigia kuuliza unakula nini."

Vidunda nilikaa wiki nzima kwa familia moja ya wakulima. Kulikuwa na baridi asubuhi, migomba kwenye miteremko, na simu haikushika vizuri. Nilikuwa na raha, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Niliporudi Mikumi nilikuta banda limefungwa, mabenchi yamepinduliwa juu ya meza. Mama aliyeuza matunda jirani akaniita.

"Wewe ndiye mgeni wa Rehema? Kaa kwanza." Akanipa maji, akasubiri ninywe. "Rehema hatunaye, mwanangu. Pikipiki aliyopanda iligongana na lori. Jana wamemzika kwao Kilosa."

Nililia pale pale mbele ya matunda yake, na yule mama akaacha wateja wake wasubiri.

Kilosa niliingia kesho yake alasiri, kwa basi dogo lililopita katikati ya mashamba ya mahindi. Sikuhitaji kuuliza sana, msiba ulionekana kwa turubai. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani juu ya mikeka. Mama Rehema alikuwa ameegemea ukuta, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ni yule mgeni wa Kenya." Akanigusa kichwa kwa kiganja.

Mdogo wake, waliyemwita Mama Mdogo, alinivuta pembeni. Akanionyesha bafu, akaniwekea maji ya moto, kisha akaniletea sahani ya wali. Ndipo akaniambia.

"Tangu mazishi dada hajala. Maji tu. Naye ana kisukari, na daktari alishamkataza kukaa na njaa. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Tunaogopa tutachimba kaburi la pili."

Nikaitazama sahani yangu. Mimi niliyetoka mbali, nisiyejulikana, nililetewa chakula, na mwenye msiba alikuwa anakufa njaa hatua chache kutoka pale. Nilikula kwa sababu Mama Mdogo alisimama juu yangu hadi nikamaliza.

Asubuhi iliyofuata aliingia bibi mmoja mrefu, mkavu, amejifunga aproni ya Rehema, ile aliyopikia bandani. Nikaitambua kwa mfuko wake uliochanika. Akaanza kutembea katikati ya waombolezaji akitikisa makalio kama Rehema alivyotembea, anaita kwa sauti ya Rehema kabisa: "Wateja, leo hamli! Mpishi kawakimbia, kaenda kulala! Mvivu huyu, tangu tumboni mwa mama yake alikuwa hataki kutoka!"

Wanawake wakacheka wakiziba midomo. Nami, ambaye hasira zangu hazijawahi kuomba ruhusa, nikasimama nikamvua ile aproni.

"Bibi, huna haya? Mtu amezikwa majuzi, unamkejeli mbele ya mama yake?"

 Bibi akanitazama, akatoka nje. Mama Rehema, ambaye alikuwa ameshainua kichwa, akakiinamisha tena.

Mama Mdogo alinishika mkono akanipeleka uani. Hakupaza sauti.

"Yule ni Bi Tatu. Ni Mnyamwezi, sisi ni Wasagara, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu mababu. Yeye ndiye aliyemwosha Rehema. Mtani ana ruhusa ya kusema chochote msibani, ni kazi yake. Sisi wote tumeshindwa, tulikuwa tunamngojea yeye amchekeshe dada apate kula. Sasa umemfukuza, na wewe ni mgeni wetu, neno lako linahesabiwa la nyumba hii."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamfuata Bi Tatu alikokaa, karibu na mafiga, nikapiga magoti nikampa aproni kwa mikono miwili.

"Naomba unisamehe, bibi. Kwetu hakuna utani wa namna hii."

"Hakuna?" Akanikagua juu mpaka chini. "Ndiyo maana mmekonda. Umeniingilia kazini, utatoa faini. Songa ugali, hapa hapa, tukuone."

Nilisonga. Wanawake walitoka ndani kuja kutazama, wakaukosoa ugali wangu kwa kelele: mgumu, una madonge, huu ni wa kujengea nyumba. Bi Tatu akajifunga aproni, akaukata kipande na kukiweka sahanini na mlenda, akaingia nao ndani huku akitikisa makalio yale yale.

"Mama Rehema, onja uone mwanao alivyotufanyia. Kaondoka yeye, katuachia mpishi wa kutuua wote!"

Mama Rehema alikitazama kile kipande. Kisha kikamtoka kicheko kifupi, kibovu, kama kikohozi. Bi Tatu hakungoja, akamega tonge akamtia kinywani. Mama Rehema alitafuna huku machozi yakimtiririka, akameza, akafungua kinywa tena. Mama Mdogo aligeukia ukuta akalia.

Nilikaa mpaka hitima ikasomwa. Siku ya kuondoka, Mama Rehema alinishika viganja vyote viwili, akasema niwe napiga simu, yeye hana tena wa kumpigia. Nikaiandika namba yake kwenye simu yangu.

Bi Tatu alinisindikiza stendi, amenibebea begi. Tulipokuwa bado tunaonekana kutoka nyumbani alinitania bila kupumzika, kwamba begi langu ni kubwa kuliko akili yangu. Tulipovuka reli akalishusha begi, akaketi juu yake, akafunika uso kwa kanga na kuanza kulia.

"Nilimpokea mimi siku aliyozaliwa," alisema. "Na kumwosha nimemwosha mimi."

"Mbona kule hukulia, bibi?"

"Kule mtani halii. Nikilia mimi, nani atamlisha mama yake?"

Basi la Morogoro likapiga honi. Nikampungia kondakta aende, nikaketi chini kando yake.

Sasa niko Voi, na watu wananiuliza nimejifunza nini huko. Nilienda nikidhani ukarimu ni wali na kitanda, na vyote viwili nilipewa, Mungu amlaze Rehema pema. Lakini nilijifunza pia kwamba anayebeba kazi ya kuwachekesha wafiwa naye hutafuta mahali pa kulilia, na Bi Tatu, katika mji mzima wa watu wanaompenda, hakuwa na mahali isipokuwa kwa mgeni anayeondoka.