Mguu Wangu wa Besi ya Kwanza

Assalamu alaikum, ndugu zangu mliolala wodi hii na nyinyi mnaowauguza. Nimeombwa nikuelezeni yaliyonipata, nami nilikuwa nimelazwa kitanda kile cha dirishani. Basi sikuficheni kitu.

Mimi ni Haji. Nyumbani ni mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kazi yangu ni kupaka rangi majumba ya Mbweni, na mtaani hakuna anayeniita Haji. Wananiita Ngongoti, kwa urefu. Urefu huo ndio ulionitia katika besiboli. Chekeni tu, mimi nshazoea. Tunaucheza mchezo huo uwanja wa Amani, na mimi nasimama besi ya kwanza. Mwenzangu anaokota mpira mbali kule, ananirushia, nami niudake huku mguu wangu wa kulia umekanyaga besi, kile kimto kinacholazwa chini, kabla mkimbiaji hajafika. Macho yote yako kwenye mpira, huangalii chini hata kidogo. Mguu wenyewe ndio unaoipapasa besi na kuipata.

Maradhi yalianza na tumbo la kuendesha. Sikulijali, likapita, nikarudi kazini. Baadaye vidole vya miguu vikaingia ganzi, kama mtu aliyekalia miguu yake muda mrefu. Siku moja nimedaka mpira vizuri kabisa, nikasikia Suleiman, rafiki yangu anayecheza besi ya tatu, anapiga kelele: "We Ngongoti, umelala? Mguu uko wapi?" Nikatazama. Mguu ulikuwa nje ya besi, na wallahi nilijua niko juu yake.

Nikamwambia mama. Mama yangu ni mkandaji. Mtaani kwetu mwanamke akizaa, yeye ndiye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto, na mikono yake imezoea moto mpaka haushituki. Kwa hiyo kila anayemkanda humuuliza, na jibu la mtu ndilo kipimo chake. Akachemsha maji na majani yake anayoyajua, akachovya kitambaa, akaanza na mguu wa kulia.

"Moto?"

"Si moto, mama. Ongeza."

Akaongeza. "Na sasa?"

"Bado."

"Haya baba, wewe mvumilivu kuliko wazazi ninaowakanda," akacheka.

Asubuhi mguu ulikuwa umejaa malengelenge. Mengine yamepasuka, ngozi imeganda kwenye shuka. Mimi sikuhisi chochote. Mama alipofunua alipiga ukelele ambao mpaka leo nnausikia. "Yarabi! Nimemchoma mwanangu!" Nikataka kuinuka nimshike. Miguu haikuinuka.

Hospitali daktari alinigonga magoti kwa kinyundo chake, magoti yakatulia tuli. Akasema, "Kinga ya mwili wako imekosea. Badala ya kupigana na maradhi, inaipiga mishipa yako mwenyewe ya fahamu. Udhaifu huu utapanda kwanza, ndipo ushuke."

"Utapanda mpaka wapi?" mama akauliza.

"Tuombe usifike kwenye pumzi."

Ulipanda. Mapaja, mikono, uso. Macho hayafumbi sawasawa, mate yananitoka, maji nikiyanywa yanarudi puani. Nikavishwa pampasi, mimi mwanamme mzima. Nzi akitua usoni anatembea atakavyo. Nikilia, machozi yanaingia masikioni na sina mkono wa kuyafuta. Pumzi zikawa fupi, wakaniwekea oksijeni, nami nikaogopa usingizi, nisije nikasahau kuvuta pumzi. Na akili yangu nzima! Nasikia kila kitu, naelewa kila kitu. Hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Mama alinisafisha, alinigeuza, alinikausha jasho. Lakini akifika magotini anaacha. Miguu alimwachia muuguzi, na kidonda kikifunguliwa yeye anatoka nje. Jirani alikuja kumtaka akamkande binti yake aliyejifungua. Nikamsikia mama anamwambia, "Mimi sikandi tena. Tafuta mwengine, mikono hii haina amana." Nilitaka kusema, mama, hukujua, na mimi sikujua. Sauti haikutoka.

Kisha, kwa rehema zake Mola, kidole gumba cha mkono kikacheza. Suleiman akawa anakuja kunivika glovu yangu ya kudakia, ananitilia ndimu ndani yake, nami najitahidi kuifumba. Ikidondoka anaiokota, anaitia tena. Polepole nikakaa, nikasimama, nikatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, hata fremu nikaiacha. Kidonda kikafunga. Lakini hisia za miguu hazikurudi. Daktari aliniambia nifumbe macho, akachukua pini.

"Nimekugusa?"

"Bado."

"Nshakugusa zamani." Akaiweka pini mezani. "Nguvu zimerudi, Haji. Hisia siwezi kukuahidi."

Nikenda uwanjani hivyo hivyo. Mama akanifuata nyuma na buibui lake, anachelea nisianguke. Suleiman akarusha, nikadaka. Alhamdulillahi, mikono imedaka! "Mguu nje," Suleiman akasema, kwa sauti ya chini. Akarusha tena. Nje. Nikiangalia chini, mpira unanipita. Nikiangalia mpira, sijui nimesimama wapi. Nikakaa kwenye vumbi nikalia mbele za watu.

Mama akaja, akachuchumaa. Akaona kiatu kinatoka damu, kumbe kijiwe kimeniingia tangu nyumbani na mimi natembea nacho. Akanivua kiatu. Tangu yale maji hakuwahi kuugusa mguu wangu. Leo akauweka pajani pake, akaufuta kwa ncha ya mtandio. Mimi sikuihisi mikono yake. Niliiona tu.

"Mama, huu mguu hautojua tena," nikamwambia.

"Basi niulize mimi."

Ndugu zangu, ganzi ikianza kupanda msiiite uchovu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye ganzi msimuulize kama maji ni ya moto, mpeni mtu mwengine mwenye kuhisi ayajaribu. Na kila jioni mtazameni nyayo zake. Namshukuru Mungu, nawashukuru walionivusha hapa. Mechi sichezi. Mechini huwezi kusimama na mama yako, na sijui kama nitacheza tena. Nangoja, na kungoja kunachosha, sikudanganyeni.

Lakini jioni za mazoezi nasimama pale pale pangu. Suleiman ananyanyua mkono, mimi macho juu, nauliza na uwanja mzima unasikia:

"Mama, nimekanyaga?"

Naye kainama kando ya besi, buibui limejaa vumbi. Anaushika mguu wangu kwa mikono yake miwili, anausogeza mpaka ukae.

"Umekanyaga, baba. Daka."